Umekunywa Chai? Namna Ultrasaundi ya Tumbo Inavyofanyika

Mtaalamu wa ultrasaundi, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wa shangazi yangu, alimuuliza swali moja kabla hajamwambia apande kitandani: "Mama, umekula chochote tangu jana usiku?"

"Sijala, mwanangu. Nimekunywa chai tu."

Mimi niliyemsindikiza nilijua hiyo chai ilikuwa nini. Ilikuwa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati mbili na kipande cha muhogo wa kukaanga, vyote saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajapanda basi la kutoka Pangani kuja Tanga. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, huko si kula. Kula ni wali, ni ugali, ni mchuzi. Asubuhi watu hunywa chai. Shangazi alijibu kweli tupu, kwa lugha aliyoulizwa.

Bahati nzuri yule binti naye ni wa hapahapa. Akauliza tena: "Chai na nini, mama?"

Safu hii inachambua kipimo hicho kimoja, hatua kwa hatua, kwa sababu shangazi alikifanya mara mbili. Siku ya kwanza kifuko cha nyongo hakikuonekana vizuri. Siku ya pili kilionekana, na ndani yake kulikuwa na mawe. Mashine ilikuwa ileile, mpimaji yuleyule, tumbo lilelile. Kilichobadilika ni vitu ambavyo mgonjwa mwenyewe anavimudu, na karibu vyote hakuna aliyekuwa amemweleza.

Tuanze na sauti, maana ultrasaundi ni sauti na si kingine. Watu wengi hukiogopa kipimo hiki kwa sababu ya kibao cha mlangoni: Idara ya Mionzi. Ndani ya idara hiyo hiyo kuna eksirei na CT, ambazo kweli hutumia mionzi, na ultrasaundi imewekwa humo kwa sababu za utawala tu. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Ultrasaundi ya tumbo la mtu mzima hutumia mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Inatoka kwenye proba, kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi na kutelezeshwa juu ya ngozi. Ndani ya proba mna vipande ambavyo vikipewa umeme hutetemeka, na vikitikiswa na sauti hutoa umeme. Tabia hiyo ya kutoa umeme waliigundua kwenye fuwele ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kwa hiyo proba ni mdomo na ni sikio pia: hutuma sauti fupi, hunyamaza, kisha husikiliza mwangwi.

Mashine hukadiria kwamba sauti husafiri mwilini kwa kasi ya mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi uliotoka kwenye kitu kilicho kina cha sentimita 10 hurudi baada ya mikrosekunde 130 hivi. Mwangwi ukichelewa, kitu kiko mbali zaidi. Ukirudi na nguvu, huchorwa kwa nukta nyeupe. Ukiwa dhaifu, kijivu. Usiporudi kabisa, nyeusi. Picha nzima unayoiona kwenye skrini ni nukta hizo zilizopangwa kwa hesabu ya muda, na hupangwa upya mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana inacheza kama filamu.

Kutokana na hesabu hiyo unaweza kuelewa maagizo yote utakayopewa. Jeli, kwa mfano. Wapo wanaodhani ni dawa, na wapo wanaoifuta haraka wakiogopa itawaingia mwilini. Kazi yake ni moja: kufukuza hewa iliyo kati ya ngozi na proba. Sauti ikitoka kwenye nyama ikakutana na hewa, karibu yote hurudi hapo hapo, na zaidi ya hapo hakionekani kitu. Unyevunyevu wa jeli huziba mwanya. Ni baridi, basi. Inafutwa kwa tishu, na ikibaki kidogo hukauka.

Sasa rudi kwenye chapati za shangazi. Hewa ileile inayosumbua juu ya ngozi inasumbua pia ndani ya utumbo. Mtu aliyekula amemeza hewa pamoja na chakula, na kongosho, ambalo limejificha nyuma ya tumbo la chakula, linafunikwa na wingu hilo. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Kifuko cha nyongo hukaa chini ya ini kikikusanya nyongo, na chakula chenye mafuta kikiingia, kifuko hujikamua ili nyongo ikayeyushe mafuta yale. Kwa mtu mwenye njaa kifuko hujaa na kutanuka kama embe dogo lililojaa maji. Kwa mtu aliyekunywa chai ya maziwa na chapati ya kukaanga, kimesinyaa, kuta zake zimekunjamana na kuonekana nene kuliko zilivyo, na kijiwe kilichomo kinaweza kupotelea kwenye mikunjo hiyo.

Ndiyo sababu huambiwa ukae saa sita hadi nane bila kula. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa, hasa ya kumezea dawa za asubuhi. Maziwa hayaruhusiwi, hata yale ya ndani ya chai. Soda nayo inaleta gesi. Bigijii na sigara humfanya mtu ameze hewa bila kujua. Usiku wa kuamkia kipimo ni vizuri kula chepesi na kuyaacha maharage. Mwenye kisukari aseme mapema, apewe nafasi ya kwanza asubuhi, na aulize kuhusu insulini au vidonge vyake badala ya kuamua mwenyewe nyumbani. Watoto wadogo hawafungishwi saa nyingi kama watu wazima.

Na kwa sisi wa pwani, Ramadhani ina hesabu yake. Nimewaona watu wakija saa tatu asubuhi kwa kujiamini kwamba wamefunga, wakati daku wamekula saa kumi usiku. Hizo ni saa tano tu, na daku huwa nzito. Mwezi huo ni afadhali kuomba kipimo cha alasiri.

Kuna agizo jingine ambalo huchanganywa na hilo mpaka watu wanagombana kwenye benchi: "kunywa maji, usikojoe." Hilo ni la tumbo la chini, yaani mji wa mimba, vifuko vya mayai, tezi dume na kibofu chenyewe. Kibofu kikijaa huusukuma utumbo wenye gesi pembeni, na kwa kuwa sauti hupita kwenye maji bila kizuizi, kinakuwa dirisha la kuchungulia vilivyo nyuma yake. Kwa kawaida ni maji kama lita moja, saa moja kabla. Ukiagizwa kipimo cha tumbo lote, maagizo yote mawili yanakuhusu: tumbo bila chakula, kibofu na maji. Foleni ikiwa ndefu na umebanwa, mwambie mhudumu. Kibofu kilichojaa kupita kiasi nacho huharibu picha, na hakuna sababu ya mama mtu mzima kulia machozi kwenye benchi.

Shangazi alikuja na dera. Ilibidi alipandishe lote hadi kifuani, akaona haya, akaukaza mwili mzima, na tumbo lililokazwa halipimiki. Siku ya pili alikuja na blauzi, sketi ya kufungua kiunoni, na kanga yake mwenyewe ya kujifunikia. Naona agizo hili dogo la mavazi lingeandikwa kwenye kila kadi ya miadi. Mwanamke anayetaka ndugu au muuguzi wa kike awe naye chumbani ana haki ya kusema.

Kuhusu mkono wa mpimaji. Watu huiona mashine wakadhani inapiga picha yenyewe, kama ile ya pasipoti. Proba inaonyesha kipande chembamba tu cha mwili kwa wakati mmoja, kama kisu kinavyokata mkate. Ini zima la mtu mzima ni vipande vingi, na mpimaji anaviunganisha kichwani mwake akiinamisha proba huku na kule. Mbavu zinamzuia, kwa kuwa mfupa nao hurudisha na kumeza sauti. Hapo ndipo anaposema: "Vuta pumzi ndani, mama, ishike hapo." Ukivuta pumzi, diaframu inashuka na kulisukuma ini chini, nje ya mbavu. Ukiiachia mapema, ini linarudi juu na kipande alichokuwa akikitafuta kinapotea. Mgonjwa anayeijua siri hii huvuta pumzi polepole mpaka tumboni, na kazi ya dakika 20 inakwisha kwa 15. Mtu mwenye mafuta mengi tumboni naye hahitaji kuona aibu. Sauti hudhoofika ikisafiri mbali, kwa hiyo mpimaji hulazimika kutumia mitetemo ya chini zaidi, ambayo hufika mbali lakini huchora kwa ukungu.

Kisha kuna maumivu. Proba ikigandamizwa haipaswi kuuma, ingawa inasukuma. Mama zetu wamelelewa kuvumilia. Shangazi alikunja uso siku ya pili wakati proba ilipopita chini ya mbavu za kulia, na alipoulizwa akasema, "Hapana mwanangu, endelea tu." Binti akasimama. "Mama, hapa usinivumilie. Nikibonyeza na ikauma, nataka kujua inauma wapi." Kifuko cha nyongo kilichovimba kwa maambukizi huuma zaidi pale hasa kinapoonekana kwenye skrini chini ya proba, kuliko sehemu nyingine yoyote ya tumbo. Kwa mpimaji, jibu la mgonjwa wakati huo lina uzito sawa na picha. Shangazi akakiri kuwa anahisi uzito tu, si kuchomwa. Hilo nalo liliandikwa.

Historia ya kipimo hiki ilipiga hatua kubwa kwa tumbo la namna hiyo hiyo, lenye swali ambalo mikono na eksirei vilishindwa kulijibu. Ian Donald alikuwa profesa wa ukunga Glasgow, Scotland, na katika vita vya pili vya dunia alitumikia jeshi la anga la Uingereza, ambako alizoea rada na sona. Kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew kilikuwa na mashine ya sauti ya kukagua nyufa ndani ya chuma cha maboila. Julai 1955 Donald alikwenda huko akiwa na uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa kwenye buti za magari mawili, ili aone kama mashine ya chuma itaweza kutofautisha uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Wenyeji walimwekea kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Ilitofautisha. Uvimbe wa maji ulipitisha sauti bila mwangwi katikati, ule wa nyama ukajaa mwangwi.

Baadaye yeye, mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar waliitengeneza upya kwa ajili ya watu, wakipaka tumbo mafuta ya zeituni pale ambapo leo tunapaka jeli. Mmoja wa wagonjwa wao wa mwanzo alikuwa mwanamke aliyekwisha kuambiwa ana saratani ya tumbo isiyoweza kupasuliwa. Mwangwi ulionyesha maji. Kulikuwa na uvimbe mkubwa wa kifuko cha mayai, ukatolewa, akapona. Makala yao ilitoka katika jarida la Lancet mwezi Juni 1958, na kichwa chake kilihusu uvimbe wa tumboni, ingawa leo watu wakisikia ultrasaundi wanafikiri mimba kwanza.

Uwezo huo wa kutenganisha maji na nyama ndio hadi leo unaokifanya kipimo hiki kiwe hodari kwa magonjwa ya kwetu. Huko Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wafugaji walikuwa wakiugua kwa wingi ugonjwa wa hidatidi, unaotokana na minyoo ya mbwa na kujenga vifuko vya maji ndani ya ini. Katika miaka ya 1980 watu wa AMREF walizungusha mashine ya kubebeka hadi kwenye makazi ya wahamaji, na vifuko vikaonekana vyeusi, vya duara, papo hapo, hata kwa watu ambao vipimo vya damu viliwapita. Kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha utumbo hupeleka mayai kwenye ini, na makovu yanayojengeka kando ya mishipa ya damu huonekana kama mistari myeupe, huku bandama likivimba. Unguja na Pemba ni kile cha mkojo, na kinachotazamwa ni ukuta wa kibofu na figo. Na kijana aliyeanguka na bodaboda akaletwa na tumbo linalouma, dakika chache za proba zinatosha kuonyesha kama damu imevuja ndani.

Lakini iko mipaka, na mmoja unawaumiza watu wetu wengi. Ultrasaundi haionyeshi vidonda vya tumbo. Kidonda ni mchubuko kwenye utando wa ndani wa tumbo la chakula, mahali penye hewa na chakula, na kwa kawaida mwangwi hauwezi kuuchora. Anayetaka kuvijua vidonda hupimwa kwa kamera ya kumeza, na kile kijidudu kinachovisababisha mara nyingi, helikobakta, hutafutwa kwenye choo kikubwa au pumzi. Shangazi alikuwa ametibiwa vidonda kwa miaka mitatu. Hakuwahi kumeza kamera. Katika mkoba wake mlikuwa na karatasi ya ultrasaundi ya miaka miwili nyuma, kutoka kliniki moja, yenye maneno mawili ya majibu: tumbo kawaida. Hakumbuki kuulizwa kama alikuwa amekula.

Karatasi ile inanikera mpaka leo. Kusema "hakuna kitu kilichoonekana" na kusema "kiungo hakikuonekana" ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, na Kiswahili kinatupa njia rahisi ya kuyatenganisha. Ripoti nzuri hutaja kila kiungo, hutoa vipimo vyake, na hukiri kisichoonekana pamoja na sababu. Yule binti siku ya kwanza aliandika kwamba ini, figo na bandama ni vya kawaida, kongosho limezibwa na gesi, na kifuko cha nyongo kimesinyaa kwa kuwa mgonjwa amekula, kipimo kirudiwe. Nikiwa mgonjwa ningeipenda ripoti hiyo kuliko "kawaida" kumi. Una haki ya kuuliza: viungo gani umeviona, vipi hukuviona?

Fomu iliyompeleka nayo ilikuwa na maneno matatu tu, "maumivu ya tumbo". Jioni ile shangazi alilala kwangu, na kwenye kula alisema yale ambayo hakuyasema kwa daktari: maumivu huja usiku baada ya pilau au samaki wa kukaanga, chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani, yanakaa saa mbili tatu kisha yanaondoka. Tukayaandika kwenye karatasi. Asubuhi binti aliyasoma kabla ya kuwasha mashine, na mkono wake ukaanzia kulia.

Kifuko kilikuwa kimejaa, cheusi, kama kinavyotakiwa. Ndani yake, upande wa chini, kulikuwa na nukta tatu nyeupe kali, na nyuma ya kila moja mstari mweusi ukishuka chini kabisa. Jiwe huzuia sauti, kwa hiyo huacha kivuli, kama mnazi unavyoacha kivuli jua likiwa upande mmoja. Bado mpimaji hakuridhika. "Mama, geukia ubavu wa kushoto." Shangazi akageuka, na zile nukta zikabingirika mpaka upande mwingine wa kifuko. Kinyama kilichoota ukutani kingebaki pale pale. Baadaye kidogo skrini ikawa na rangi nyekundu na buluu, shangazi akashtuka akidhani ni damu inavuja. Rangi hizo zinaonyesha damu inaielekea proba au inaikimbia, na zinatokana na kanuni ya Mwaustria Christian Doppler ya mwaka 1842.

Alipewa ripoti na picha mbili za karatasi laini. Picha hizo huchapwa kwa joto, kwa hiyo jua huzifuta, na ukizipeleka kulaminishwa hugeuka nyeusi zote. Tukazipiga kwa simu hapo hapo.

Daktari wa upasuaji hakuziangalia sana. Alisoma namba. Jiwe kubwa, milimita 14. Ukuta wa kifuko, milimita 2. Ungezidi 3 angeshuku uvimbe wa maambukizi. Mrija mkuu wa nyongo, milimita 4. Ungekuwa umetanuka angeogopa kwamba jiwe limeponyoka na kuziba njia. Akamwambia shangazi kwamba si jambo la usiku huu, ila lisingojee mwaka. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza kwa miaka mitatu: vile vidonge vya vidonda, vilikuwa vinakusaidia?

"Hapana, mwanangu," shangazi akasema. "Nilikuwa nameza tu."